Kioo cha Jua Nyumbani kwa Mzee Humaidi

Tabora,
13 Februari 1983

Kwa kaka yangu mpendwa Ghalibu,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumaini u mzima huko Maskati na joto halijakumaliza. Sisi hatujambo, ila mgongo wa Mama unamsumbua kidogo. Leo nimeazimia kukueleza yote, hata yale ambayo Baba angependa yabaki humu ndani, kwa hiyo uvumilie urefu wa barua.

Kioo cha jua ulichotuma ili kitupe umeme kimefika salama. Bwana Darwesh, msafiri uliyempa huko Maskati, alikileta kwa treni kutoka Dar es Salaam kikiwa kimefungwa ndani ya godoro, na taa mbili ndani ya mto. Alipokifungua, Mama alikigusa kwa ncha ya kidole kama anayegusa utosi wa mtoto mchanga. Akauliza, "Na hiki hakinywi mafuta?" Bwana Darwesh akamjibu, "Bi Masika, hakinywi hata maji." Mama akacheka mpaka akakaa chini.

Unajua kwa nini. Waya wa umeme haujafika mtaani kwetu, na mafuta ya taa hayapatikani. Tunapanga foleni kwenye duka la ushirika tangu alfajiri, na chupa zinarudi kama zilivyokwenda. Mwezi uliopita Mama alimzalisha Maua, jirani yetu, akakata kitovu kwa mwanga wa kijinga cha moto, cheche zikiangukia kanga. Miaka ishirini ya ukunga, lakini siku ile alirudi akaketi kizingitini. Alisema, "Nilipapasa kama kipofu."

Betri nayo tunayo. Fundi Alois wa gereji, ambaye watoto wake wanne walipokelewa na Mama, ametuletea betri ya lori kwa baiskeli na hataki kusikia habari ya malipo. Kila kitu kipo, isipokuwa uamuzi wa Baba.

"Mama Ghalibu, nikikiweka juu ya bati hata abiria wa treni ya Kigoma watakiona."

"Wakione. Kwani umekiiba?"

"Karatasi yake ya forodha iko wapi? Kitu kisicho na karatasi ni kama mtoto asiye na baba."

"Nimepokea wengi wa namna hiyo, na wote wamekua."

Baba akachukua kofia yake akaenda msikitini, na ilikuwa saa nne asubuhi.

Wiki tatu sasa kioo kimelazwa uani. Bibi ameanika dagaa juu yake, anasema wanakauka upesi kuliko kwenye jamvi. Mimi nimenyamaza kwa adabu, lakini moyoni nimechoka. Tuelekeze namna ya kukifunga, na karatasi hiyo utume.

Mdogo wako,
Khole

*

Maskati,
20 Machi 1983

Mdogo wangu Khole,

Wa alaykum salaam, na marahaba. Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Nisalimie wote, na Bibi umwambie aondoe dagaa leo hii.

Huku jangwani tunafunga vioo hivi kwenye minara ya simu, na tunavielekeza kusini. Ninyi mko upande wa pili wa ikweta, kwa hiyo chenu kielekee kaskazini, kiinamishwe kidogo ili mvua ikioshe. Mwambie Baba kwamba kaskazini ndiko kibla chenu, basi kioo hakitamkosea adabu.

Karatasi sikuichukua. Darwesh aliniambia zawadi haiulizwi, nami nikamwamini. Nilikosea. Nitaitafuta, lakini msiingoje. Jua linalowapita kila siku halirudi.

Kaka yako,
Ghalibu

*

Tabora,
15 Mei 1983

Kwa kaka Ghalibu,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Afya zetu ni njema. Hali nyingine zote si njema.

Barua yako ilifika nikamsomea Baba. Sehemu ya kibla ilimlainisha. Ijumaa baada ya swala Fundi Alois alipanda ngazi akakifunga kioo, na mchana kweupe taa ikawaka chumbani. Bibi aliizunguka akitafuta utambi. Mzee Lugembe, mjumbe wetu wa nyumba kumi, alipita akasimama barabarani akapaza sauti: "We Humaidi, sasa mnaswali na bati?" Baba akamjibu, "Lako halijui hata kibla, ndiyo maana linavuja." Wakacheka wote wawili. Nilidhani mambo yamekwisha.

Kioo kilikaa juu siku tisa. Katika siku hizo Mama alimzalisha mwanamke mmoja humu chumbani mwetu, akaniambia, "Leo nimeuona uso wa mtoto kabla sijasikia sauti yake."

Siku ya kumi redio ikatangaza msako wa walanguzi na wahujumu uchumi. Kaka, sikuwahi kuona watu wazima wakiogopa vitu. Tukienda shule tulikuta miche ya sabuni na vitenge vipya vimetupwa mtaroni. Ikasemekana mwenye duka mmoja wa Urambo amechukuliwa, na hakuna ajuaye alikopelekwa. Nawe unajua Baba ana duka, ingawa rafu zake sasa zina viberiti na chumvi tu. Alipanda bati mwenyewe, na magoti yake yale, akakishusha.

Mama alisimama chini ya ngazi. "Baba Ghalibu, nenda kamweleze Lugembe ukweli. Mwanao ametuma zawadi, basi."

"Mwaka huu ukweli bila karatasi ni uongo," akasema Baba.

Shuleni tumefundishwa kwamba asiye na kosa haogopi. Nilimwambia hivyo. Hakunipiga wala hakunikemea. Aliendelea kufunga kamba. Sasa kioo kiko chini ya kitanda chake. Karatasi, kaka, tafadhali. Uitume kwa anwani ya shule, maana Baba sasa anaogopa hata bahasha za ng'ambo.

Mdogo wako,
Khole

*

Maskati,
5 Agosti 1983

Mdogo wangu Khole,

Salaam nyingi. Nimezungushwa ofisi tatu, lakini hati nimeipata, ina mihuri miwili. Iko humu ndani. Mpe Baba mara moja, kisha uniandikie kwamba kioo kimerudi juu.

Kaka yako,
Ghalibu

*

Tabora,
21 Agosti 1983

Kwa kaka yangu Ghalibu,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumaini u mzima. Hati yako imenifikia juzi, na sijampa Baba. Usinikasirikie mpaka umalize kusoma.

Mwezi Julai Baba alikwenda kwa Mzee Lugembe bila kutuaga. Alimwambia kwamba kioo alikiagiza kwa ajili ya ofisi ya tawi la Chama, na kwamba kwake alikuwa anakijaribu tu. Kesho yake vijana walikuja wakakibeba pamoja na betri ya Fundi Alois na taa zote mbili. Baba alipigiwa makofi kwenye mkutano na jina lake likaandikwa kwenye kumbukumbu. Alirudi amenyooka mgongo kama mtu aliyetua gunia.  Mama alimwekea chakula, akaenda kukaa na Bibi uani.

Pale tawini wamekielekeza barabarani, upande wa kusini, ili wageni wakione. Nilimweleza Mzee Lugembe habari ya kaskazini. Akasema, "Binti, jua ni la wote, litakifuata." Mama aliomba taa moja ya kuazima akiitwa kuzalisha. Akaambiwa aandike barua. Nikamwandikia, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa. Jibu ni kwamba itajadiliwa kikao kijacho, na vikao viwili vimepita.

Tangu wiki iliyopita Mama anawaambia wanaomfuata kwamba ameacha ukunga. Wengine huwahi hospitali, lakini si kila uchungu unaosubiri usafiri. Jana mwanamke aitwaye Ng'washi alisimama mlangoni kwetu na tumbo lake, akingoja Mama abadili neno. Mama akafunga mlango taratibu.

Sasa hati. Nilipoifungua niliona hukuandika jina la Baba. Kwa Kiarabu kizuri kabisa imeandikwa: zawadi kwa Bi Masika binti Shomari, Tabora. Kumbe Baba alitoa kitu kisicho chake. Mama anasoma Kiarabu. Namjua, akiiona tu atafika tawini kabla hajavaa viatu, na mbele ya kamati nzima Baba ataonekana aliwadanganya, mwaka huu ambao watu wanachukuliwa kwa makosa madogo kuliko hilo.

Nimeificha ndani ya daftari la Jiografia. Baba anapita akiniuliza masomo yanaendaje, nami namjibu vizuri. Ng'washi amebakiwa na majuma sita. Barua huchukua majuma manne kwenda na kurudi.

Kaka, nijibu kwa posta ya kwanza, neno moja litatosha: nimpe Mama?

Mdogo wako,
Khole