Mita Mbili za Twalibu

Jumapili, 1 Juni 1997

Taa imefifia tena! Nachambua maharage, mara balbu inakuwa nyekundu kama kaa linalozimika. Najua. Kwa bi mdogo wanapiga pasi. Jenereta moja, nyumba mbili, lakini umeme wote anaufyonza Adija! Na leo ni zamu yangu. Twalibu hajaingia mpaka sasa. Yuko kwake, ananyooshewa kanzu. Roho inaniuma hadi ugali haupiti.

Jumatatu, 2 Juni

Kaja asubuhi, nikamwambia ukweli wake. Eti alikuwa dukani. Eti yeye ana dini, anajua uadilifu. Ataweka mita mbili, kila mke na yake, maneno yaishe.

Haya. Tuone.

Jumanne, 3 Juni

Fundi Pasikali kafunga mita kwenye kibanda cha jenereta. Ya kushoto yangu, ya kulia ya Adija. Ndani kuna kisahani, kinazunguka umeme ukiliwa. Raha tupu! Sasa nitamshika mchana kweupe.

Esteri kaniletea gauni langu — yule mshonaji wa Kirundi aliyehamia nyumba ya nyuma yetu. "Amahoro, mama," kanisalimu kwa lugha yake. Mjane, mpole, hana mtu. Nikampa maharage ya kutosha wiki nzima.

Ijumaa, 6 Juni

Nimesoma mita. Ya Adija mbili. Yangu sita.

Sita! Mimi nina balbu mbili na redio. Yeye ana pasi, ana video, ana feni — feni, kwa baridi hii ya Kasulu! Twalibu kacheka: kumbe mlaji ni wewe, mama Rukia. Mbele ya Adija! Naye akaziba mdomo kwa mtandio, anadhani sikumwona.

Kamhonga Pasikali. Waya zimegeuzwa. Naapa.

Jumamosi, 7 Juni

Nimemkuta Pasikali sokoni. Umegeuza waya? Hajageuza. Mbona yangu inakimbia? Kaangalia viatu vyake. "Mama, mimi nafunga kama mzee alivyosema." Alisemaje? Huyoo, kapanda baiskeli.

Jumatatu, 9 Juni

Twalibu kaenda Manyovu, atalala huko. Kaacha neno: jenereta isizimwe mpaka saa tatu. Ajabu! Siku zote akisafiri tunaambiwa tuwashe vibatari.

Nikaona leo ndiyo leo. Nikazima balbu, nikazima redio, nikaenda kibandani na tochi. Kisahani changu kinazunguka! Nikamwita Adija kwa sauti, majirani wasikie: mwizi wee, njoo uone unavyokula jasho la mwenzio!

Kaja amejifunga khanga. Hakubisha. Alirudi kwake, akazima kila kitu, akaja akasimama karibu yangu. Chake kikatulia, tuli. Changu kinazunguka.

Tukatazamana. Miaka minne sijamtazama usoni hivyo. Macho yake mekundu, ya mtu aliyelia tangu mchana.

"Dada," kasema, "zamu yangu asipokuja, nilijua yuko kwako."

Nami nilijua yuko kwake.

"Kikulacho ki nguoni mwako," kasema Adija, na akaanza kumulika chini.

Kwenye mita yangu zinatoka waya mbili. Mmoja unakuja kwangu. Wa pili umefunikwa majani ya migomba, unapita nyuma ya choo, unatoboa ua. Tukaufuata tumeinama, mimi mbele, yeye kashika khanga yangu. Dirisha la Esteri linawaka — balbu nyeupe, kali, haififii hata kidogo. Na harufu ya pasi.

Maharage yangu! Nilimpa kwa mkono wangu!

Adija alitaka kupiga hodi. Nikamzuia. Nikarudi kibandani, nikazima jenereta.

Kimya. Halafu kutoka nyuma ya ua, sauti ya mtu aliyeko Manyovu: "Nani kazima huko?"

Tukakimbia. Tumekaa kwangu, naandika kwa kibatari, Adija kanishika mkono wa kushoto. Wivu haujaisha, hapana. Umehama tu.

Majani makavu yanalia nje. Kaingia kibandani. Anapapasa, anatukana, anaitafuta kamba ya kuwashia jenereta.

Kamba ninayo hapa, mapajani.