Siku Walipotaka Kumng'oa Kalondu

Jumatano, Wamunyu. Jua limewaka tangu saa mbili asubuhi, vumbi la mbao limenishika mpaka kwenye kope, na bado nina furaha hadi nimeunguza chapati mbili nikicheka peke yangu.

Acha niandike kabla haijaniisha.

Kwa wageni wa hapa: mimi ni mpiga msasa. Wanaume wa kikundi chetu huchonga twiga na vifaru, sisi wanawake tunawalainisha na kuwapaka nta. Nimeifanya kazi hii miaka kumi na minne. Karibu miaka hiyo yote hatukuwa wanachama, tulikuwa "wale mama wa msasa" tu. Tulipokubaliwa hatimaye, mwenzetu Kalondu aligombea uenyekiti, akashinda kwa kura chache sana.

Yangu haikuwamo.

Musyoki, mume wangu, ni mchongaji, na siku ile alikuwa ameketi kando yangu. Yeye alimtaka mchongaji mwenzake, Mzee Muli, aliyegombea pia. Hakunikataza chochote. Nilijikataza mwenyewe. Mkono ulibaki mapajani kama si wangu.

Kalondu alianza na mambo mawili. Mikutano, ambayo ilikuwa jioni sisi tukiwa jikoni, akaileta saa nne asubuhi. Kisha akasumbua watu mpaka tukajengewa choo cha wanawake chenye mlango. Ndiyo, mlango! Miaka yote hiyo tulikuwa tunavuka barabara kuomba kwa mwenye hoteli.

Leo Mzee Muli alisimama mkutanoni akataka tupige kura upya.

"Mwenyekiti asiyejua kuchonga hata kijiko atatupeleka wapi?" aliuliza, na wanaume wengi wakapiga makofi.

Kalondu alikuwa anaikunja ncha ya leso yake, anaikunjua, anaikunja tena. Nikawaangalia wanawake wenzangu. Wote walikuwa wanaangalia chini, kama mimi siku ile. Kumbe mtu anaweza kushinda kura na bado awe peke yake pale mbele.

Nikajikuta nimesimama.

"Mzee Muli, naomba kuuliza. Kuna mtu hapa amewahi kuuza twiga ambaye hajapigwa msasa?"

Mtu mmoja huko nyuma akacheka.

"Hata wako wa jana, masikio nilimlainisha mimi. Na hatujawahi kuwaambia hamfai kuongoza kwa sababu hamjui msasa."

Kicheko kikaenea. Hapo Musyoki naye akainuka. Nilidhani ataniambia niketi.

"Mimi sikumpigia Kalondu kura," alisema. "Lakini tangu mikutano iwe asubuhi, bibi yangu anakuja, anasikia mwenyewe. Tukifika nyumbani tunapanga kazi sisi wawili. Zamani nilikuwa namletea habari nusu nusu. Mimi nasema mama abaki."

Miaka kumi na tisa ya ndoa, na sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo mbele ya watu.

Kura zikapigwa. Kalondu amebaki, na safari hii si kwa kura chache.

Mzee Muli alimwendea Kalondu akampa mkono, akimwita kwa jina la mtoto wake. "Haya, Mama Ndinda. Lakini kijiko nitakufundisha kuchonga."

"Nitakuja, Mzee. Na wewe uje nikufundishe msasa."

Mkutano ulipoisha nilimvuta Kalondu nyuma ya karakana nikamwambia ukweli wote kuhusu ile kura ya kwanza. Nilikuwa nimeubeba kwa miezi.

"Nilijua," akasema. "Nilikuwa nimesimama mbele, niliona kila mkono."

Nilitamani kujificha. Akanishika bega.

"Na leo umeinua yote miwili, Mama Mutheu. Ikabidi anayehesabu akuambie ushushe mmoja."

Tulicheka mpaka machozi yakachora mistari kwenye vumbi la nyuso zetu.

Sasa nimekaa hapa na wazo ambalo sijamwambia mtu, hata Musyoki. Katibu wetu anahama, na nafasi yake itakuwa wazi. Mwandiko wangu ni mzuri, na watu ninawajua wote. Nani amesema siwezi?

Mpaka sasa, ni mimi tu.