Mwanamke wa Ahero Asiyelia

Karatina,
11 Januari 1970

Kwa dada yangu mpendwa Nakhungu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mume wangu Kangethe. Sisi hapa hatujambo, na naomba Mungu barua hii ikukute nawe hujambo, wewe na mashine yako ya taipu.

Tulifika salama. Mama mkwe ametupa vyumba viwili, na Wangu wetu amefurahi kupita kiasi kwa kuwa sasa anakaa na bibi yake, ambaye yeye alipewa jina lake. Ukiita "Wangu!" wanaitika wote, bibi na mjukuu wa miaka mitatu, halafu wanachekana. Kangethe anatafuta chumba afungue hoteli nyingine hapa sokoni. Ile ya Kondele hataki hata itajwe. Baada ya yale mambo ya Oktoba, Rais alipokuja Kisumu na watu wakapigwa risasi, watu tuliowauzia chai miaka sita walikuwa wakipita mlangoni pa sisi Wakikuyu wakitazama upande wa pili. Simlaumu. Na wao siwalaumu sana, kila mtu alikuwa na hofu yake.

Ninachokosa ni Jumapili. Tukitoka kanisani miguu inataka kwenda kwa Zadock. Hapa hakuna anayejua kwamba mimi huandika. Nilimweleza mke wa shemeji yangu: tulikuwa wanne, tunakutana kwa Zadock, fundi cherehani, akishafunga kazi, kila mtu na karatasi zake, mwenye hadithi haruhusiwi kuisoma, inasomwa na mwingine, na yeye hukaa kimya mpaka wote wamalize kuichambua. Akaniuliza, "Na huwa mnapata nini?" Nikaendelea kumenya viazi.

Tangu tufike sijaandika hata mstari mmoja.

Ni mimi dada yako,
Rahab


Kondele, Kisumu,
1 Februari 1970

Dada Rahab,

Salamu kutoka kwetu sote. Mimi ni mzima, mgongo tu ndio unaonisumbua kwa kuinamia mashine nikipiga barua za kampuni ya pamba kutwa nzima. Mpe mama mkwe wako shikamoo yangu na umbusu Wangu mdogo.

Mnapata nini! Ungemwambia tunapata vidonda. Leo ilikuwa zamu ya Mzee Ouma. Unamjua, tangu astaafu ukarani wa meli hana hadithi nyingine ila ya meli. Nilimsomea mimi. Tulipomaliza Zadock akamwambia kurasa tano za kwanza ni upepo mtupu, aanze pale abiria anapopanda. Mzee akakasirika, akavaa kofia yake, akaenda mpaka mlangoni. Mara akageuka: "Abiria gani? Ile ya kwanza ama ile ya pili?" Tulicheka mpaka Zadock akaomba tusimvunjie benchi.

Lakini hakuna anayekata kama wewe. Wewe ndiye uliyemwambia mchungaji aliyetutembelea kwamba shairi lake linahitaji maziko. Tangu uondoke tumekuwa wapole, na hadithi zetu zimelegea. Kwa hiyo tuma kitu. Tutakisoma kwa sheria ile ile, na huku hatumhurumii mtu, hata aliye mbali.

Dada yako,
Nakhungu


Karatina,
7 Juni 1970

Dada Nakhungu,

Salamu nyingi. Sisi hapa hatujambo, natumaini nanyi pia hamjambo.

Unisamehe kwa kuchelewa kujibu. Ndani ya bahasha hii kuna hadithi. Nimeiweka Ahero, kwenye mashamba ya mpunga, kwa sababu tuliyatembelea pamoja na ninakumbuka yalivyokaa. Asome Zadock, sauti yake haitaki kumpendeza mtu. Ichambueni kama kawaida na uniandikie yote.

Rahab


Kondele, Kisumu,
28 Juni 1970

Dada mpendwa,

Salamu tele! Tunashukuru kusikia hamjambo. Huku mvua imetunyeshea mpaka njia ya kwa Zadock imekuwa uji, lakini leo tulifika wote na viatu mikononi, kwa ajili yako.

Haya, kaa kimya kama sheria inavyotaka.

Mahali penyewe umepata. Ndege wakiingia kwenye mpunga, mama akipiga debe kuwafukuza, matope yakishika miguu, hapo hata Ouma aliitikia kwa kichwa. Kwao ni Pap Onditi, karibu na Ahero, sehemu hizo amezipita maisha yake yote, na hakupata kosa.

Shida ni mama mwenyewe. Mtoto wake anazikwa asubuhi, na mchana yeye amerudi shambani anafukuza ndege. Halii. Jirani anampa pole, yeye anamuuliza kama mvua itanyesha. Jioni anapika, anaosha sufuria, analala. Basi. Zadock alisoma mpaka mwisho, akageuza karatasi kuona kama kuna nyuma yake.

Mzee Ouma ndiye aliyeanza. "Hiyo mama hapana lia? Mama gani hiyo? Hiyo ni mbao." Akasema mwanamke wa Ahero akifiwa na mtoto, hata watu wa ng'ambo ya mto wanajua, kwao watu hupiga nduru, majirani huja mbio. Zadock akasema mwandishi anamwogopa huyo mama wa hadithi yake, anasimama mbali naye. Na mimi, dada, sitakuficha, nilikubaliana nao. Hata kwetu Wabukusu, kule Bungoma, mtu wa hivyo angeshukiwa kuwa ndiye mchawi. Nilisema mama huyu haaminiki, na kwamba inaonekana mwandishi hajawahi kuwa karibu na kifo cha mtoto. Tuonyeshe anavyovunjika. Mpe hata ukurasa mmoja wa kulia.

Usikasirike. Ungekuwa wewe ungetukata mara mbili zaidi. Irekebishe, uirudishe haraka. Wangu anasemaje? Ameshajua kuhesabu?

Dada yako anayekupenda,
Nakhungu


Karatina,
2 Septemba 1970

Dada Nakhungu,

Pokea salamu zangu. Mara hii siandiki kwamba hatujambo. Ile ya Juni niliandika hatujambo kwa sababu barua huanza hivyo, na mkono ulishaandika kabla sijaufikiria. Nilipoisoma tena niliona sina nguvu ya kuanza karatasi nyingine.

Wangu alikufa mwezi wa Aprili. Ilikuwa surua. Watoto wengi wa huku waliugua, wengi walipona. Tulimzika asubuhi, mchungaji akaomba, watu wakaimba, wakaenda zao. Huku kwetu hatupigi nduru, tunazika na kunyamaza. Mchana huo kahawa ilikuwa imeiva, nikachukua kikapu nikaenda kuchuma na wengine. Hakuna aliyenituma. Nilimuuliza mke wa shemeji yangu kama mvua itanyesha.

Sikulia siku hiyo, wala mpaka leo. Nimekufa ganzi. Nakula kwa kuwa ni saa ya kula. Kangethe akiongea naona mdomo wake tu. Mama mkwe akiitwa kwa jina haitiki tena, inabidi mtu aende amguse bega. Watu wamenizoea hivi. Nikipita kwenye njia wanashusha sauti, wanasema "pole, mama," na mimi nasema "asante," basi nimepita.

Niliandika hadithi ile siku mbili mfululizo. Sikuhisi kitu nikiiandika, nilikuwa naandika tu alichofanya yule mama.

Halafu barua yako ikaja. Nilisoma kama nilivyosoma vitu vyote mwaka huu, bila kusikia. Nikafika pale mnaposema mama ni mbao. Nikafika pale unaposema mwandishi hajawahi kuwa karibu na kifo cha mtoto. Nakhungu, nilikasirika. Nilitoka nje nikawatukana ninyi watatu kwa majina, kwa Kikuyu na kwa Kiswahili, kuku wakakimbia. Mama mkwe alikuja kutazama. Ni kitu cha kwanza nilichosikia ndani yangu tangu Aprili.

Nimekaa na hasira hiyo miezi hii nikiogopa itaisha. Ndiyo maana sikujibu.

Rahab


Kondele, Kisumu,
13 Septemba 1970

Dada yangu, dada yangu,

Sijui nikusalimu vipi. Barua yako ilinikuta ofisini, nikaisoma nimesimama, nikaomba ruhusa nikarudi nyumbani. Mimi ndiye niliyekuuliza kama Wangu ameshajua kuhesabu. Nikikumbuka hilo natamani ardhi inimeze.

Leo nimewasomea wenzetu. Mzee Ouma aliinuka kabla sijamaliza, akashika ukuta, akapiga nduru kwa sauti ya kwao, mpaka wanawake wa nyumba za nyuma wakaja mbio wakiuliza ni nani amekufa. Aliwaambia, "Mtoto yetu." Nao wakalia, na hawamjui. Zadock alifunga mlango wa duka akakaa chini sakafuni. Wangu alizoea kulala kwenye mabaki ya vitambaa vyake tukisoma, unakumbuka. Mimi nililia kwa ajili yako na kwa ajili ya mdomo wangu.

Dada, tumekubaliana wote watatu. Hadithi yako ni nzuri sana. Ni nzuri kama ilivyo, hatutagusa hata neno moja. Na lolote utakalotuma kuanzia sasa, tutasoma na kushukuru tu. Hatutakuongezea mzigo. Wewe pumzika, andika ukitaka, usipotaka usiandike, sisi tutaelewa.

Tuna aibu kubwa. Utusamehe.

Nakhungu


Karatina,
4 Oktoba 1970

Dada Nakhungu,

Salamu kwako na kwa wenzetu. Mwambie Mzee Ouma asante kwa kumlilia Wangu. Nilimsimulia mama mkwe, akataka nirudie mara tatu pale wanawake walipokuja mbio. Aliuliza, "Hao Wajaluo wanatujua?" Nikamwambia wanatujua. Akasema alitamani na sisi tungepiga nduru.

Sasa nisikilize, na mara hii kaeni kimya ninyi.

Barua yako ya mwisho imeniumiza kuliko ile ya mbao. Hapa mimi ni mama aliyefiwa. Kanisani, sokoni, kwenye kahawa, hata kitandani kwa mume wangu. Kila mtu ananishika kama yai. Mlipotukana hadithi yangu, mlikuwa watu pekee duniani walionichukulia kama mwandishi. Hamkujua, ndiyo, na sasa mnajua. Lakini mkianza kunisoma na kushukuru tu, basi hata kwa Zadock nitakuwa mfiwa, na sitakuwa na mahali pengine pa kwenda. Afadhali mniambie waziwazi kwamba nimetoka katika kundi.

Na hadithi si nzuri sana. Nimeisoma tena. Kulia sitaongeza, huyo mama halii, nimewaambia ninyi na nitawaambia mpaka mchoke. Lakini Zadock alisema mwandishi anasimama mbali naye, na hilo ni kweli. Nilimtazama kutoka upande wa pili wa shamba kwa sababu niliogopa kumkaribia. Nimeiandika upya. Sasa nipo naye kwenye matope, nimeingia mpaka ndani ya mikono yake inayopiga debe.

Bado sijambo yangu ni ya kusema tu. Asubuhi naamka na hakuna kitu ndani. Lakini jana nilikata neno moja nikaweka lingine, nikakaa nalitazama, na chai ikapoa.

Hadithi imo ndani ya bahasha. Asome Ouma. Fanyeni kazi yenu.

Dada yako,
Rahab


Kondele, Kisumu,
8 Novemba 1970

Dada Rahab,

Salamu. Sisi tupo. Natumaini nawe upo.

Imetuchukua Jumapili nne. Ya kwanza Ouma alijaribu kusoma akashindwa. Ya pili alifika nusu. Ya tatu alimaliza, na hakuna aliyethubutu kusema, tukanywa chai tukaagana. Usiku sikulala vizuri, nikajua tumekuvunjia sheria. Leo nimewaambia: leo tunafanya kazi au Rahab hana kundi.

Basi Ouma akaanza. Alisema machozi ameyasamehe, sasa anamwamini huyo mama, lakini anauliza kwa nini debe linapigwa mara nyingi hivyo. Mara mbili zinatosha, msomaji si kiziwi. Zadock alisema jirani anaongea kama mchungaji, hakuna jirani wa Ahero anayeongea hivyo, mwache aseme "pole" aende zake. Alipomaliza alitaka kuongeza neno la kukufariji. Nikamzuia.

Langu ni hili. Ukurasa wa kwanza unaeleza mtoto alivyokuwa mzuri, alivyocheka, alivyoitikia jina. Najua kwa nini umeuandika. Nilipousikia nilitoka nje nikalia, nilipomaliza nikarudi. Lakini hadithi inaanza ukurasa wa pili, pale mama anapookota debe. Ule wa kwanza ni wako, uweke kwako nyumbani.

Ukate wote, dada. Ukishakata, tuma tena.

Nakhungu