Mtoto Aliyeomba Maji

Kituo cha Watoto, Mwashigini,
Njia ya Samuye,
Shinyanga.
26 Agosti 1979.

Mpendwa Dada Kijakazi,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na wanao, na Mama awe ameshapata nafuu ya kile kikohozi chake cha kila kipupwe. Mwambie asiache kufunga kitambaa kifuani alfajiri, najua hapendi. Mimi mwili wangu hauna ugonjwa.

Barua yako niliipata mwezi uliopita. Nimeisoma mara nyingi, hasa pale ulipoeleza jinsi mlivyosikia jina langu redioni, Mama akatoka nje na kanga moja kuwaita majirani, mkachinja mbuzi na kusoma maulidi. Nimekaa nayo wiki tano bila kukujibu, na si kwamba kazi ilinizidi. Nakuomba uisome hii ukiwa peke yako. Mama usimsomee mpaka wewe mwenyewe umeimaliza.

Huku tunaendelea. Sabuni imeadimika, tunafulia majivu. Vijana waliokwenda vitani wameanza kurudi mmoja mmoja, na wanawake bado wamo mashambani wanamalizia kuchuma pamba. Kwa ajili ya hao wanawake ndiyo nililetwa hapa miaka miwili iliyopita, niwalelee watoto wakati wao wako shambani.

Kumbuka nilivyokuja. Mimi mtoto wa Tanga, sijawahi kuona ng'ombe wengi hivi, sijui neno hata moja la Kisukuma. Kituo nilikikuta na mama mmoja wa makamo anaitwa Paskalia. Hakusoma zaidi ya kusoma sala, lakini watoto arobaini na tatu aliwajua kwa vilio vyao. Alikuwa akisikia mtoto analia nje, anasema huyu ana njaa, yule kasukumwa, huyu anajifanya. Aliwafundisha kuhesabu kwa mbegu za ubuyu, kwa Kisukuma. Waliokwenda darasa la kwanza kutoka mikononi mwake walikuwa wanajua kuhesabu kuliko wenzao.

Kwa kuwa huu ni Mwaka wa Mtoto, mwezi wa pili ilikuja barua kuwa kutakuwa na mashindano ya vituo vya watoto. Kamati itapita kila kijiji, itazame usafi, chakula, nidhamu na Kiswahili. Kiswahili kilipigiwa mstari. Dada, mimi nilipouona ule mstari nilijua nimeshinda. Nani huku angenishinda kwa Kiswahili?

Nilipiga marufuku Kisukuma kuanzia siku ile. Nilichonga kibao, nikakitoboa na kukitia kamba. Mtoto akitamka neno la kwao anavishwa shingoni, anabaki nacho mpaka amsikie mwenzake akikosea, ndipo anamvisha yeye. Watoto wa miaka minne, mitano. Paskalia aliniambia, "Mwalimu, hawa wakishaogopa hawatasema lolote, si Kiswahili wala Kisukuma." Nikamjibu kwamba yeye ni mpishi na mlezi, mwalimu ni mimi. Nilimjibu hivyo mbele ya watoto.

Kulikuwa na binti wa miaka mitano, Limi, na mdogo wake Mihayo wa miaka mitatu. Baba yao yuko machimboni Geita anatafuta dhahabu, mwaka wa pili huu hajarudi. Mama yao analima peke yake. Limi alikuwa na maneno mengi, ndiyo maana kibao kilimkalia sana. Wiki ya mwisho kabla ya kamati alikivaa siku tatu mfululizo. Siku ya nne alinyamaza kabisa, nami nikafurahi.

Mwenyekiti wa kijiji naye alitaka ushindi. Akaamuru tujengewe ukumbi mbele ya darasa ili wageni wakae kivulini. Udongo wa tofali ulichimbwa nyuma ya ghala la pamba, likabaki shimo la urefu wa mtu. Mvua za Aprili zikalijaza. Nilisema lifukiwe. Nilisema mara moja tu, sikurudia.

Kamati ilikuja mwishoni mwa Mei. Asubuhi ile nilifanya jambo ambalo hadi leo likinijia nikiwa nakula, chakula kinanishinda. Niliwatenga watoto wadogo kumi na mmoja ambao hawakuwa wameshika Kiswahili. Nilimwambia Paskalia awapeleke nyuma ya ghala, wakae naye huko mpaka wageni waondoke, asiwaruhusu kuja mbele. "Na wewe mwenyewe usije," nilimwambia, "maana ukifungua mdomo utaniharibia kwa Kisukuma chako."

Akawachukua. Mihayo alikuwa mmoja wao.

Wageni walikuwa watatu na dereva wao. Mkubwa wao alikuwa Bwana Stanslaus, mtu mpole, ana miwani. Waliketi, watoto wakaimba, wakataja sehemu za mwili, wakataja majina ya wanyama. Kila kitu kilikwenda kama maji ya mfereji. Ikafika saa ya uji, nikakumbuka kuwa mpishi ndiye yule niliyemficha. Nilimtuma mtoto mmoja akamwambie Paskalia aje jikoni haraka, wageni wasisubiri. Naye akaja, kwa sababu nilimwita. Kumbuka hilo, dada. Aliyemwita ni mimi.

Limi aliomba kwenda kujisaidia. Aliomba kwa Kiswahili, Bwana Stanslaus akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hakukawia, akarudi anakimbia, akasimama katikati ya darasa, kifua kinapanda na kushuka. Akasema, "Mwalimu, minzi."

Neno hilo nalijua. Kila mtu aliyekaa huku mwezi mmoja analijua, ni maji. Nilisikia aibu mbele ya wageni. Nikamwambia kwa sauti nzuri, "Limi, tunasemaje?"

Akanitazama. Midomo yake ilikuwa inatafuta. "Minzi," akasema tena.

"Tunasemaje kwa Kiswahili?"

Aligeuka akautazama mlango. Kisha akasema, "Maji."

Wageni wakapiga makofi. Nilimimina kikombe nikampa. Hakukinywa, akakishika tu. Nikamwambia, "Kunywa, si umeomba maji?" Akanywa. Alipomaliza akanishika kanga akaivuta kuelekea mlangoni. Niliutoa mkono wake, nikamwambia akae. Akakaa. Tukaendelea na ngonjera.

Paskalia aligawa uji, akarudi nyuma ya ghala. Tulimsikia kabla hatujajua anasema nini. Dereva wa wageni ndiye aliyeingia shimoni na nguo zake zote. Alimtoa Mihayo akamlaza juu ya magunia ya pamba, akambana tumbo, akampulizia, akafanya hivyo mpaka mwenyekiti akamshika bega.

Mama yao aliitwa shambani. Alikuja na pamba mkononi bado. Sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Siku ya pili ilibidi taarifa iandikwe. Mwenyekiti aliiandika: mlezi wa zamu, Paskalia, aliacha watoto bila ruhusa. Akanisogezea nitie sahihi. Nilimuuliza kama hakuna namna nyingine ya kuandika. Akasema, "Ipo. Tunaweza kuandika shimo lilichimbwa na nani, na watoto walipelekwa nyuma na nani. Chagua." Nikatia sahihi. Paskalia aliachishwa kazi siku hiyohiyo. Alikuja kuchukua mwiko wake na kanga yake, akaenda zake.

Nilidhani kwamba mashindano yamekwisha kwetu. Baada ya wiki mbili ikaja barua kuwa kituo chetu ni cha kwanza. Ninaisogeza hapa nikuandikie kama ilivyo: "Kamati inatoa pole kwa ajali iliyotokea, ambayo haihusiani na ufundishaji. Kamati imevutiwa na watoto kuzoea lugha ya Taifa, kiasi kwamba hata mtoto wa miaka mitano aliweza kuomba maji kwa Kiswahili." Chini yake waliandika kwamba tuzo itatolewa Saba Saba, Shinyanga mjini, na mtoto huyo aletwe jukwaani.

Ungekuwa wewe ungekataa. Nakujua. Mimi nilikwenda kwa mama yake Limi na mwenyekiti, na mwenyekiti akamwambia kwa Kisukuma kuwa serikali imemwita mtoto wake. Yule mama alikuwa bado kanyoa nywele za msiba. Alimwosha mtoto akanipa. Nilimshonea gauni la njano.

Ndiyo siku mliyonisikia. Nilipewa cheti chenye fremu ya kioo na baiskeli. Limi akainuliwa juu ya meza watu wamwone, akaulizwa jina lake na anachopenda shuleni. Alijibu vizuri sana. Tangu mdogo wake afe alikuwa anajifunza Kiswahili kama mtu anayekimbizwa, hata mimi nilishangaa. Watu walipiga makofi mpaka akaziba masikio. Tulilala Ngokolo, humohumo mjini, kwa mwalimu mwenzangu, na kesho yake tukapanda lori la pamba kurudi.

Tulipopita Samuye alikuwa amelala mapajani mwangu. Nilidhani amelala. Akasema bila kufungua macho, kwa utaratibu, kama anavyosoma ubaoni, "Mwalimu, siku ile nilitaka kusema, Mihayo ameingia kwenye maji."

Alisubiri, kisha akauliza, "Nimekosea?"

Nikamwambia hajakosea.

Dada, nisikudanganye kuwa sikuwa nimewaza hata kidogo. Tangu nilipoisoma barua ya kamati kulikuwa na kitu kinanikwaruza, nikakikalia. Lakini kuwaza ni kitu kingine na kuambiwa na mtoto kwa Kiswahili ulichomfundisha wewe ni kitu kingine.

Nilimwandikia Bwana Stanslaus. Nilimweleza yote, nani alimwita Paskalia, nani aliwaficha watoto, na mtoto alikuwa anasema nini. Niliomba taarifa isahihishwe na tuzo irudishwe. Majibu yalikuja baada ya siku kumi na mbili. Taarifa imeshafungwa, na haifai kuichafua sifa ya wilaya kwa sababu ya majonzi ya mwalimu. Mimi nahamishiwa Ushirombo kufundisha walezi wa vituo vingine namna tulivyofanya hapa. Ndiyo kupandishwa cheo kwenyewe. Huko wanasema Kisumbwa.

Juzi Ijumaa nilijikaza nikaenda kwa mama Limi. Sikumtaka mwenyekiti, na Limi nilimwacha na wenzake, sikutaka mtoto atafsiri jambo hilo. Mtu mwingine ninayemwamini kwa lugha zote mbili ni Paskalia, na ndiye niliyemkosea. Nilimkuta anapalilia viazi. Nilimweleza ninachotaka kusema. Alinisikiliza, akanawa mikono, akafuatana nami.

Tulikaa kwenye viti vidogo mbele ya nyumba. Nilisema yote tangu mwanzo. Sikujificha hata kidogo, nilitaja kibao, nilitaja shimo, nilisema mtoto wako alikuja kuniambia nami nikampa kikombe. Nilisema kwa muda mrefu, nikilia. Mama Limi alikuwa ananitazama usoni, hajui ninalia nini. Nilipomaliza nikamgeukia Paskalia.

Paskalia alisema maneno machache sana. Mama Limi akaitikia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Nikamuuliza Paskalia, "Umemwambia nini?"

"Nimemwambia unahama, umekuja kumpa pole na kuaga."

"Na yale mengine?"

"Yale mengine ni yako," akasema. "Utamwambia mwenyewe siku utakapokijua Kisukuma. Mimi siwezi kumwua mtoto wake mara ya pili kwa mdomo wangu, kisha wewe upande lori ukapumue."

Hakusema kwa hasira, dada. Ingekuwa afadhali.

Mama Limi aliinuka akaenda nyuma ya nyumba. Akarudi na kuku jike mweupe, akanikabidhi kwa heshima, akasema jambo refu. Paskalia hilo alilitafsiri neno kwa neno: anakushukuru kwa kumfundisha binti yake, anasema Mungu akulipe, na huyu ni kitoweo cha njiani.

Nilimpokea. Kumkataa ingekuwa ni kumtukana. Yuko hapa chini ya meza ninapoandika, amefungwa miguu, na kesho asubuhi lori linakuja. Mtu mzima nimeshindwa kuamua kama nimchinje, nimwachie jirani au nimbebe mpaka Ushirombo.

Sasa umejua. Suala la Mama nakuachia wewe. Ukiona afya yake haitastahimili, mwache na furaha yake ya mbuzi, ila tafadhali asije akamsimulia mtu mwingine hadithi ya mtoto aliyeomba maji, kwa maana najua ameshaanza kuisimulia. Na wewe ukitaka kunikemea, nikemee. Ukinyamaza ndiyo itaniumiza zaidi.

Nisalimie shemeji Fikirini, na mjomba Zamoyoni mwambie radhi, nitamwandikia nikitulia. Wabusu Chausiku na mdogo wake. Wakija mbio kukuambia kitu, wasikilize mpaka mwisho, hata kama wanakitamka vibaya.

Mola awafunike kwa rehema yake nyote hapo nyumbani, na mimi anipe namna ya kuishi na hili.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,

Mwanaima