Kaye ya Majina Uliyoniachia

Mwalimu,

Ulinifundisha kwamba barua inaanza na habari za afya. Basi: minye niko muzima, weye umekufa, habari za afya zimekwisha. Sasa tuongee.

Tangu tukuzike nimenenepa. Mama Furaha, jirani yangu hapa Kasenga, ambaye kwa miaka hakunipa hata chumvi, ananiletea ndagala za kukaanga kila asubuhi. Wengine wanaleta bugali, wengine sombe. Wananisalimia kwa mikono miwili kama vile nimekuwa muchungaji. Si mapendo, Mwalimu. Ni ile kaye yako, lile daftari la majina.

Ulinipa ukiwa umelala kitandani, mwembamba kama sindano zangu. Kaye zote zenye namba tu ulisema ziende kwa binti yako Neema, amalize kazi. Lakini ile ya majina, inayosema nyumba namba fulani ni ya nani na anaficha deni gani, ukaiweka mukononi mwangu. Ukasema, "Fundi, weye hakuna atakayekufikiria. Wote wanajua husomi." Nilikasirika kidogo. Nilifika mwaka wa ine wa primeri, na ule wa ine niliurudia, kwa hiyo hesabu ni mitano.

Na kweli hawakunifikiria, siku mbili nzima. Huu ni muji ambako ukinunua sufuria mupya, mutaa wa pili unajua rangi ya kifuniko. Siku ya tatu zikaanza kuja ndagala.

Unakumbuka ulivyorudi kutoka masomoni na karatasi zako za maswali? Ulipiga hodi mutaa wa Songo wote, umevaa viatu vya kung'aa, unauliza watu wazima wanadaiwa ngapi. Wote wakakujibu hawana deni hata moja, Mungu ni mwema. Ukaja kukaa kwenye benchi yangu ya kazi, uso umeanguka. Ukaniambia kule ulikosoma, muntu akifilisika anaenda mbele ya hakimu, anasaini, madeni yanafutwa, anaanza upya. Nilicheka mpaka uzi ukakatika kwenye mashine. Huku kwetu nani atasaini kwamba ameanguka? Nikakuambia, usiulize deni. Uliza muntu anapita njia gani kwenda soko. Anayedaiwa hapiti mbele ya duka analodaiwa. Anazunguka nyuma ya vyoo, anakanyaga matope, halafu anasema anapenda upepo wa ziwa.

Hiyo ikawa kazi ya maisha yako. Ukachora njia zote za nyuma za Kasenga na Songo, weye na kalamu, minye na mudomo. Watu walikuwa wanacheka kwanza, halafu wakishakaa wanasema yote: nani alikopa kwa watu watatu ili amulipe wa ine, nani alificha mabati yake kwa dada yake kule Rurambo yasichukuliwe, nani anamudanganya bibi yake kwamba baiskeli iliibwa. Kwenye kila mulango uliapa kwamba jina halitatoka. Minye nilisimama nyuma yako nikitikisa kichwa kama shahidi wa ndoa. Kwa hiyo kile kiapo ni chetu wawili. Weye umekitoroka kwa kupitia makaburini. Minye kimenibakia.

Kisha akaja Papa Dola. Unamujua vizuri, yule wa duka la simenti kwenye barabara kubwa, anayekukopesha kwa tabasamu na kukudai bila meno kuonekana. Mashine yangu ya kushona iko kwake rehani tangu ziwa liingie nyumbani mwangu na nikakopa kwake niinue ukuta. Alikaa kwenye benchi yangu, palepale pako, akasema kwa upole, "Papa Fundi, unipe ile kaye. Mashine itarudi leo, na deni tutalisahau." Akanipa muda mupaka siku ya posho, ndiyo Jumamosi.

Nilijifungia. Mbele ziwa, nyuma mulima, kati yao Uvira, na katikati ya Uvira muzee mumoja amelalia kaye. Nikitoka, wataingia. Nikiichoma, nani ataamini muongo kama minye? Kila muntu angeendelea kulala jicho moja wazi, akidhani niliiuza. Na nikuambie ukweli, kwa sababu weye sasa huwezi kunisema kwa watu: niliwaza kuiuza. Niliwaza sana. Nilikaa kwenye kiti changu miguu ikikanyaga hewa, kama vile mashine iko pale. Mikono isiyo na kazi, Mwalimu, inaufundisha moyo wizi.

Ndagala ndizo zilinishinda. Asubuhi moja Mama Furaha alileta sahani, nikaona ni zile kubwa za kuuza, si za kula nyumbani. Hakuniangalia usoni. Akaweka, akarudi nyuma kidogo, akangoja nionje. Nikaelewa. Alikuwa ananilipa. Nilikuwa nimegeuka Papa Dola, tofauti ni kwamba minye sina duka.

Nikamupigia Neema simu. Akasema namba zinamutosha, majina yaende kwa wenyewe. Nikachukua makasi nikakata kaye ukurasa kwa ukurasa, ukingo umenyooka kama wa suruali ya harusi. Nikazunguka muchana kweupe, kila muntu aone, nikiweka kila ukurasa mukononi mwa mwenyewe. Mama Furaha alisoma wake mara mbili, akautia kwenye mbabula chini ya maharagi, akasema, "Kumbe unajua kusoma, muchawi weye." Kesho yake hakuleta kitu. Nilifurahi, halafu nikasikia njaa.

Ulibaki ukurasa wangu, nyumba namba moja. Siku ya posho nikapita barabara kubwa, polepole, nikaingia kwa Papa Dola nikauweka mezani. Nikamwambia, "Hii ndiyo kaye yote iliyobaki. Habari zake ulikuwa unazijua." Mashine ameiuza. Juzi niliisikia Songo, kwenye baraza ya muntu, ikiimba chini ya miguu ya mwingine. Bei yake imefunika nusu tu ya deni. Sasa nashona vifungo kwa mukono, maji bado yanalamba ukuta, na sijui nitatokea wapi. Lakini barabara kubwa napita.

Jambo la mwisho. Siku ya kukuzika, familia yako ilisimama kama desturi: mwenye kumudai marehemu aseme, alipwe ama asamehe, muntu ashuke mwepesi. Nilikuona umevaa lile koti nililokushonea ulipokwenda kujibu maswali ya maprofesa wako, mukono wa kushoto mufupi kidogo. Lile koti hukunilipa. Miaka yote ulisema mwezi ujao, weye mwenyewe mutaalamu wa madeni. Ndugu zako wakaniangalia. Sikudai, na sikusamehe. Wakadhani ni machozi yamenizuia.

Yalikuwepo. Lakini weye ndiye uliyesema kwamba kwetu hapa deni ndilo linafanya watu waendelee kutafutana. Basi sijasamehe, mudogo wangu. Pumzika vizuri. Siku yangu ikifika nitakuja na sindano, nirefushe ule mukono, kisha utanilipa. Na ukiniona nakuja, usitafute njia ya nyuma. Ninazijua zote.

Fundi wako, nyumba namba moja