Pigo la Nne

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kwenye jalada
Umri: miaka 36
Kazi: mhariri wa sauti, studio ya kurekodi
Makazi: nyumbani kwa mama mzazi
Uhusiano na mtuhumiwa: dada yake, tumbo moja

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeitwa kama shahidi wa bosi wangu, mwenye studio, dhidi ya kaka yangu ambaye mmemweka mahabusu nyuma ya ukuta huu. Bosi ndiye aliyetoa jina langu, akidhani kwa kuwa ananilipa mshahara nitaimba wimbo wake. Nitasema nilichokiona. Kabla ya hapo naomba jambo moja liandikwe juu kabisa: kompyuta iliyo kwenye chumba cha kuhariri isizimwe. Afande ameniambia nifuate utaratibu, nianze mwanzo. Haya, naanza.

Marehemu baba yetu alikuwa mpiga ngoma. Alikuwa na tabia moja mkononi: kila pigo la nne alilichelewesha kidogo, kiasi kwamba wewe uliyeinua mguu unabaki umeuning'iniza, ndipo analishusha. Watu walimtambua kwa hilo hata wakiwa nje ya ukumbi. Kaka naye ni mpiga ngoma, lakini hilo hajawahi kulipata. Baba alikuwa akimtania, "Wewe una haraka, kama mtu aliyeacha sufuria jikoni." Ngoma ya baba ilibaki kwenye kaseti moja tu. Mama sasa haoni vizuri, picha hazimsaidii. Aliomba asikie mkono wa mumewe, basi.

Leo, tarehe 14 mwezi huu, asubuhi saa mbili, kaka aliniletea kaseti hiyo studio. Niliihamishia sauti kwenye kompyuta. Ilipofika mwisho, mkanda uliliwa na mashine ukakatika vipande. Sikuhangaika sana, kwa sababu sauti ilikuwa imeshaingia yote. Niliifungua kwenye programu ya kuhariri, nikaiacha wazi.

Kisha nikatumia programu nyingine, ya kutambua mapigo. Hiyo haina vitufe wala picha. Ni dirisha jeusi tu. Unaandika amri kwenye mstari mmoja, jina la programu na jina la faili, nayo inasikiliza na kukuandikia kila pigo limeangukia sekunde ya ngapi. Nilitaka kujua pa kukata, ili mama asisumbuliwe na mikwaruzo. Namba zikaanza kushuka. Mapigo matatu yanafuatana sawasawa, la nne limechelewa. Matatu tena, la nne limechelewa. Nilikuwa namwona baba kabisa. Nilicheka peke yangu, halafu machozi yakanitoka, halafu nikaenda kunywa chai.

Niliporudi, kama saa nne, nilimkuta bosi kwenye kiti changu. Alikuwa na tangazo la muuza magodoro na alikosa ngoma ya kuliwekea. Hakuniuliza. Alikuwa ameshazisoma namba zangu, akaniambia, "Mzee wenu alikuwa anakosea, lakini usijali, nimemnyoosha."

Afande ananiuliza kunyoosha ni nini. Ni kwamba alitoa amri nyingine kwenye lile dirisha jeusi, ya kuvuta kila pigo likae kwenye mstari wake. Amri hiyo inataka majina mawili, la faili ya kusoma na la faili ya kuandikia. Yeye kwa uvivu wake aliandika jina lile lile mara mbili. Programu za aina hiyo hazina adabu ya kukuuliza kama una uhakika. Zinafuta faili ya zamani, zinaweka mpya, zinanyamaza. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anaonywa, na huyu anajitangaza kuwa bingwa.

Alinichezea alichokifanya. Pigo la nne lilikuwa limekaa sawa na mengine. Ilikuwa ngoma ya mtu yeyote.

Kaka alikuwa mlangoni, amekuja kuulizia kazi yake. Alisikiliza, akauliza, "Huyu nani anayepiga?"

Bosi akajibu, "Baba yako, akiwa amepona."

Hilo alilisema. Liandikwe hivyo hivyo.

Kaka alimkamata bosi shati kifuani, vifungo vikatoka. Bosi alirudi nyuma akaikumba spika, ikaanguka ikapasuka. Kaka hakumpiga, wala spika hakuigusa. Angetaka kumpiga, bosi asingekuwa na meno ya kuja kulalamikia hapa. Afande ameniuliza kama nataka sentensi hiyo ibaki. Ibaki.

Wakati wanavutana nikaikumbuka programu ya kuhariri. Niliifungua kabla bosi hajaharibu faili, kwa hiyo ilikuwa bado imeishika sauti ya asili, na ingeishika mpaka kompyuta izimwe. Ilihitaji nibonyeze kuhifadhi kwa jina jingine, kazi ya kufumba na kufumbua. Nikasema kwa sauti, "Bosi, nipishe kwenye kiti. Ya asili bado ipo, niihifadhi."

Alinisikia, na alinielewa, maana programu hiyo anaijua. Akanitazama usoni akasema, "Hakuna kugusa kitu. Hapa sasa ni eneo la tukio." Akatutoa nje, akafunga mlango kwa ufunguo, akawapigia simu ninyi.

Nimemfanyia kazi mtu huyu muda mrefu. Nimemtetea kwa wateja, nimeficha makosa yake mengi. Leo nasema mbele ya serikali kwamba ana roho mbaya. Kunifukuza na anifukuze.

Nimekaa kwenye benchi hapo nje tangu saa sita. Nilimweleza askari wa mapokezi habari ya kompyuta, akaniambia, "Dada, hayo utamwambia mpelelezi." Ndiyo nakwambia. Nipeleke studio na askari yeyote, anifunge pingu akitaka, aniachie kidole kimoja. Isizimwe na waya usichomolewe. Ikizimwa, mama nitamwambia nini?

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo. Nimesomewa, na ni maneno yangu, pamoja na yale makali.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

MAELEZO YA OFISA

Nimeyaandika haya mimi, koplo wa dawati la upelelezi, kuanzia saa tisa alasiri, na nimemsomea shahidi kabla ya kuweka sahihi. Baada ya hapo nilimuulizia ombi lake kwa mtunza vielelezo. Kompyuta husika ilipokelewa kituoni saa saba kupitia lango la nyuma, ikiwa imechomolewa umeme na askari aliyetumwa kuifuata.

Nilimjulisha shahidi. Aligonga meza yangu kwa vidole mara nne, pigo la nne likachelewa. Akarudia. Mtuhumiwa alimjibu kutoka mahabusu kwa kugonga mlango wa chuma. La kwake la nne nalo lilichelewa.

Nimewaonya wote wawili kuhusu kelele.