Mfuko wa Kanga

Rama, ndugu yangu,

Nimerudi Karachi. Ngano tena, kutoka Australia tena, na wenzangu wako mjini wananyoosha miguu. Mimi nimerudi melini mapema, nimekaa kwenye kitanda cha chini kilichokuwa chako. Samahani, nimekihamia. Cha juu kilinitesa mgongo.

Mama yako mzima, bado anakaanga maandazi pale Kambarage, Shinyanga. Mdogo wako Zaituni ameolewa Geita. Shemeji yetu ni mpole kupita kiasi, ungemtania mpaka akukimbie.

Nakumbuka siku yetu ya kwanza Dar, sisi vijana wa karakana ya Mwadui ambao maji mengi tuliyoyajua yalikuwa ya lambo la kunyweshea mifugo. Ulisimama gatini ukaitazama bahari, ukasema, "Lambo lote hili, na hakuna hata ng'ombe mmoja." Nilicheka mpaka msimamizi akatufokea. Melini ukawa unanisogezea nyama yako ya nguruwe, nami nakupa mkate wangu, na kila siku unanisema kwamba sisi watu wa Ushirombo hatushibi.

Sasa niseme, maana nimezunguka mno.

Homa ilipokushinda ilikuwa mchana. Nahodha aliniita mimi kwa kuwa ndimi pekee niliyetoka kwenu. Akasema kesho yake tutaiona nchi kavu. Akasema pia kwamba tukiingia na maiti, watu wa afya watatuzuia nangani siku kadhaa kabla mtu hajakanyaga gati. Halafu akauliza dini yako inatakaje.

Nikamjibu, "Waislamu hawalazi maiti."

Nilikuwa na uhakika, Rama. Shinyanga nimeona mtu anafariki asubuhi, na alasiri watu wameshatoka makaburini. Lakini si hilo lililonifungua mdomo upesi vile. Wiki kwa wiki sikuwa nimeona hata jani la mti. Nilitaka kushuka. Nikaitanguliza dini yako mbele, nyuma yake nikaficha hamu yangu.

Nilikuosha kwa kubahatisha. Tukakufunga shuka na vyuma. Dua zenu sizijui, nikakusalia Baba Yetu, kisha tukakushusha baharini.

Asubuhi tukaiona minara ya misikiti ya Karachi. Mchana uleule tukashuka. Bandarini kulikuwa na mzee mmoja aliyewahi kuishi Tanga, nikamsimulia kwa Kiswahili. Akaniambia taratibu kwamba nchi ikiwa karibu, maiti husubiri udongo. Tukiwa bado tunaongea, jeneza likapita, na watu wasiomjua marehemu wakaacha shughuli zao wakaenda kulibeba. Nikaona aibu hata ya kusimama.

Na mama yako nilimwambia nini? Aliponiuliza kaburi, nilisema liko Karachi, karibu na msikiti. Akanishika mikono yote miwili, akalia huku akimshukuru Mungu. Tangu siku hiyo ananiita mwanangu. Kila likizo nakula kwake, nalala kwenye chumba chako.

Safari hii amenishonea mfuko mdogo wa kanga. "Niletee udongo wa kaburi lake," akasema, "hata konzi moja. Masheikh watanisema, lakini na mimi ni Msukuma, nina mila zangu."

Leo asubuhi nilikwenda nao makaburini. Udongo wa huku ni mkavu, mwepesi. Nikachota wa kaburi la mtu nisiyemjua, nikaujaza mfuko, nikaufunga kamba. Nilifika mpaka getini nao. Pale nikageuka, ndugu yangu. Nikarudi, nikaumwaga pale nilipoutoa.

Basi nakuahidi hivi. Mfuko nitaupeleka Kambarage ukiwa mtupu. Nitaketi chini mbele ya mama yako, nimwambie kwamba mwanawe yuko baharini, na kwamba neno lililompeleka huko lilikuwa langu. Akinifukuza, nitaondoka. Asiponifukuza, sijui nitamtazama vipi.

Pumzika, Rama. Unisamehe kama inawezekana. Na mama akiniuliza kwa nini niliharakisha, sitaitaja tena dini yako.

Paulo